Kizunguzungu Husemwa Chini

"Kizunguzungu husemwa chini, hakisemwi mnazini."

Ndivyo mwalimu wenu wa mpira alivyomwambia Faki jana, alipoomba kutolewa uwanjani mchezo ukiwa ndio kwanza umeshika moto, kwa sababu ya goti lililokuwa likimuuma tangu juzi yake na hakumwambia mtu. Mlicheka wote, na Faki mwenyewe akacheka kwa aibu. Leo mmekuja kuniuliza kizunguzungu kina uhusiano gani na goti. Kaeni basi. Maneno hayo hayakutungwa na malenga. Yalizaliwa hapahapa Mafia, kijiji cha Kitongani, ndani ya shamba la minazi, na kisa chake ni hiki.

Palikuwa na mkwezi akiitwa Ngwali. Kazi ya kukwea aliirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake. Mnazi ambao wenzake waliutazama wakatikisa kichwa, wakisema umepinda au vidato vyake vya kukanyagia vimeoza, Ngwali aliupanda huku akizungumza na watu walio chini. Wenye mashamba walikuwa radhi nazi zao zikauke mtini kuliko kumwita mtu mwingine. Hata alipopata wajukuu na ndevu zikaingia mvi, hakuna aliyemwita mzee. Mzee hapandi mnazi, na Ngwali alikuwa akipanda.

Aliyempeleka zahanati ni mkewe, Riziki, na wala hakumpeleka kwa ajili yake. Riziki alikuwa na jino limemvimbisha shavu, Ngwali akamsindikiza. Walimkuta tabibu mgeni, kijana mmoja kutoka bara akiitwa Haule, ambaye alikuwa na desturi ya kumpima presha kila mtu aliyekaa kwenye benchi lake, mgonjwa na msindikizaji. Zamu ilipofika, Ngwali alinyoosha mkono kwa mzaha. Haule akapima. Akaomba mkono wa pili, akapima tena.

"Mzee wangu, kichwa hakikuumi?"

"Hata kidogo."

"Presha yako imepanda sana. Ugonjwa huu hauna kelele, ndiyo ubaya wake. Mtu anatembea nao mzimamzima mpaka siku unapomwangusha."

Ngwali hakuhitaji kuelezwa zaidi. Baba yake Riziki alianguka hivyohivyo mlangoni kwake, akakaa kitandani upande mmoja umekufa, analishwa kwa kijiko, mpaka Mungu alipomchukua. Ngwali alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakimgeuza na kumwogesha. Kwa hiyo vidonge alivipokea kwa mikono miwili. Haule akamwambia ameze kila siku asubuhi, apunguze chumvi, asiache dawa hata akijisikia mzima. "Na ukiona mwili umebadilika kwa namna yoyote, njoo uniambie." Ngwali akaitikia, kama watu wanavyoitikia mbele ya daktari huku macho yao yako mlangoni.

Siku za mwanzo zilipita vizuri. Halafu Ijumaa moja msikitini, alipoinuka kutoka sijida, ukuta wa mbele ukasogea. Akashika bega la jirani yake, na baada ya sala akamwomba radhi akisema miguu imekufa ganzi. Siku iliyofuata alichutama kufua nazi, na aliposimama dunia ikamzunguka, ikamwacha amesimama na jasho jembamba mgongoni. Tena dawa ile ilimkojoza. Alikuwa hawezi kumaliza minazi michache bila kushuka na kwenda kichakani, mpaka shemeji yake Mbwana, kaka yake Riziki aliyekuwa akifanya naye kazi, akamtania kwamba anakunywa madafu ya wenye shamba kwa siri.

Ngwali alicheka naye. Hakumwambia.

Msimlaumu haraka. Mvuvi akiumwa mkono atasuka nyavu, mkulima akiumwa mgongo atalinda ndege. Mkwezi mwenye kizunguzungu ni nani? Ngwali alijua neno hilo likitoka tu kinywani mwake litafika kwa wenye mashamba kabla ya yeye kufika nyumbani, na pale pale watamwita mzee na kumpa pole. Ile pole ndiyo aliyoiogopa kuliko mnazi wenyewe. Na zahanati hakurudi, kwa kuwa alijua moyoni mwake tabibu atasema nini: acha kupanda. Ukishajua jawabu usilolitaka, unaona heri usiulize.

Akatafuta njia yake mwenyewe. Siku ya kukwea hamezi. Siku ya kupumzika anameza. Riziki alikuwa akimwekea kidonge na kikombe cha maji kila asubuhi kando ya chai. Ngwali alikunywa maji, na kidonge akakificha kwenye pindo la kikoi, kisha akakitupa njiani. Msimu wa nazi ulipopamba moto, siku za kukwea zikawa nyingi na za kumeza zikawa haba. Kizunguzungu kilipungua, naye akajisifu kwamba ameishinda dawa kwa akili. Lakini kisogo kikaanza kumgonga asubuhi, na macho yakawa mekundu.

"Baba Siti, una nini?" Riziki alimuuliza.

"Usingizi tu, mama Siti."

"Usingizi unaulala kila siku, hauishi?"

"Utaisha."

Riziki hakuamini, ila mtu mzima humlazimishi kusema. Aliendelea kumwekea kidonge na maji.

Ikawa siku moja wana kazi katika shamba kubwa upande wa mashariki wa kijiji, shamba la minazi mirefu ya zamani. Jioni iliyotangulia, habari zilikuwa zimeletwa kwamba mtu wa kijiji jirani, rika lake Ngwali, ameanguka kwa presha na kinywa kimekwenda upande. Ngwali alilala akimwona mkwewe kitandani. Asubuhi, Riziki alipoweka kidonge kimoja, Ngwali alikimeza, kisha kwa hofu akatoa kingine kwenye pakiti akameza tena, kama mtu anayelipa swala zilizompita. Halafu akachukua panga na kamba yake, akaenda kupanda.

Jua lilikuwa kali. Ule mnazi wa kwanza aliupanda vizuri, na wa pili vilevile. Kwenye wa tatu alifika kileleni, akaangua mkungu wa kwanza, zikasikika nazi zikidunda chini. Akajikunja kuukata mkungu ulioning'inia upande wa pili, kisha akajiinua.

Mbingu ikaja chini na ardhi ikaenda juu. Ngwali alilikumbatia shina la kuti, akafumba macho. Alipofumbua, ilikuwa vilevile, akafumba tena. Masikio yalikuwa yakivuma. Vidole alivisikia kwa mbali, kama vya mtu mwingine.

Chini, Mbwana alikuwa akikusanya nazi. Riziki naye alikuwa shambani na wanawake wenzake, wakiokota makuti ya kusuka. Mbwana alingoja nazi nyingine, hazikuja.

"Shemeji, mbona kimya?"

"Napumzika," Ngwali alijibu.

Mbwana akangoja tena. Mara panga likateleza, likashuka likigonga shina, likachoma mchanga hatua chache kutoka alipokuwa amesimama. Mbwana alilitazama. Miaka yote aliyofanya kazi na Ngwali, hajapata kuona panga lake likianguka.

"Ngwali," akaita, sasa hakusema shemeji. "Una nini?"

Kule juu Ngwali aliwasikia wanawake wameacha kuzungumza. Alijua Riziki yupo. Hata wakati ule, amelikumbatia kuti na mauti yako chini yake, aliona haya. Alitafuta neno jingine la kusema, uchovu, siafu, lolote. Halikupatikana.

"Nina kizunguzungu."

"Tangu lini?"

Jibu likashuka:

"Tangu nilipoanza vidonge."

Riziki alikuwa ameshafika shinani. Hakupiga yowe. Aliuweka mkono wake kwenye mnazi, kana kwamba anaushikilia usitikisike, akaanza kusema na mumewe kwa sauti ileile anayotumia jikoni. "Baba Siti, fumba macho. Usitazame chini, usitazame popote. Sikiliza mimi tu. Kaka anakuja." Akamweleza habari za mjukuu wao aliyeota jino, za kuku aliyeatamia, za jirani aliyeunguza wali. Kila aliponyamaza kidogo alimwita, naye Ngwali akaitika, na kila alipoitika wanawake walivuta pumzi.

Mbwana alikuwa mkwezi wa kawaida, na mnazi ule hakuwahi kuupanda. Aliupanda. Alifika juu akitweta, akapitisha kamba kifuani kwa shemeji yake na kuizungusha shina, akaifunga, kisha akashuka kidato kimoja, akaushika mguu wa Ngwali kwa mkono wake akauweka mahali pake. Halafu mguu wa pili. Halafu kamba. Hivyo ndivyo walivyoshuka, kidato baada ya kidato, na Riziki chini anazungumza mpaka sauti imemkauka.

Miguu ilipogusa mchanga, Ngwali alikaa pale pale. Mbwana naye aliketi, kifua kimechubuka na damu imetapakaa. Alipopata pumzi alisema taratibu, bila ukali.

"Shemeji, kizunguzungu husemwa chini. Hakisemwi mnazini. Ungeniambia pale tulipokuwa tunakula muhogo, ningekucheka, kisha ningepanda mimi. Umeniambia ukiwa juu, imenibidi nipande nikilia."

Ngwali alijifunika uso kwa viganja. Riziki akamtia maji kinywani, akalilegeza pindo la kikoi lililokuwa limembana, na kidonge kimoja cha zamani, kilichosahauliwa humo, kikaanguka mchangani. Alikiokota, akakitazama, akakifungia kwenye ncha ya kanga yake. Alimsimamisha polepole, kaka yake akashika upande wa pili, wakaenda zahanati.

Huko Ngwali alisema yote: sijida, kichaka, vidonge alivyotupa njiani, viwili alivyovimeza kwa pamoja. Alingoja kukaripiwa. Haule alimpima akiwa amelala, akampima tena akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Mzee wangu, mimi nilikuuliza kichwa, sikukuuliza kazi. Ningejua wewe ni mkwezi nisingekupa dawa hii kwa kiasi hiki nikakuacha uende. Lakini na wewe usiwe daktari wako mwenyewe. Kuacha leo ukameza kesho, na kesho kutwa ukameza mara mbili, kunaipandisha presha na kuishusha kama ndoo ya kisima, na kamba ya ndoo hukatika."

"Sasa utaniambia niache kupanda," Ngwali alisema.

"Nitakwambia uache kwa sasa, mpaka mwili uzoee. Baadaye tutatazama. Dawa nitakubadilishia. Ukiamka, kaa kwanza kitandani, ndipo usimame. Kunywa maji ya kutosha. Na kila jambo litakalokusumbua, hata dogo, hata la aibu, nataka nilisikie mimi kwanza, usimwachie mnazi."

Haikuwa rahisi. Msimu ule ulimalizika Ngwali akiwa chini, anafua nazi kwenye kifuo na kuwatazama wengine wanapanda. Pole aliyoiogopa aliipata, na zipo siku iliyomwuma mpaka akashindwa kula. Baadaye presha ilipotulia, Haule alimruhusu minazi mifupi, ile ambayo hata mtoto hufikia madafu yake kwa upembo wa kuangulia. Ile mirefu hakuirudia tena maisha yake yote. Alikuwa akipita chini yake, anaigusa, anakwenda zake.

Dawa mpya nayo ilikuwa na yake. Kizunguzungu kiliondoka, ila ilipofika jioni miguu ilimvimba, viatu vikawa havimwingii. Asubuhi moja alikwenda zahanati, siku ambayo benchi limejaa watu kutoka mlango hadi ukutani, wengi wao wenye presha kama yeye. Haule akauliza kama alivyokuwa akimuuliza kila mmoja, "Dawa inakwendaje?" Na kila mmoja kabla yake alikuwa amejibu, "Nzuri, daktari, alhamdulillahi."

Ngwali alisimama, polepole kama alivyofundishwa. Mbele ya watu wote akapandisha kikoi mpaka magotini, akaonyesha miguu iliyovimba kama mihogo minene.

"Nzuri, lakini itazame hii. Nasema mapema. Kizunguzungu husemwa chini."

Watu walicheka, kwa sababu habari za ule mnazi zilikuwa zimeenea kisiwa kizima. Naye alicheka nao. Kicheko kilipokwisha, bibi mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi, ambaye dakika chache nyuma alikuwa amesema dawa yake haina tatizo, alijitanda vizuri ushungi wake akakohoa.

"Daktari," akasema, "basi nirudie mimi. Hiki kikohozi kikavu unachokisikia kimeanza siku niliyoanza vidonge vyako, na nyumbani wameshanitengea kikombe wakidhani nina kifua kikuu. Wiki ya pili hii sivimezi."

Mwanamume aliyekaa karibu naye akainamisha kichwa, akasema kwamba yeye analo lake pia, ila atalisema mlango ukifungwa. Na mwingine. Haule alilazimika siku ile kuchelewa kufunga zahanati.

Tangu hapo, Kitongani na vijiji vya jirani, msichana akiposwa na asiyempenda, mashua ikianza kuvuja, mchezaji akiumwa goti, wakubwa humwambia mwenye jambo lake neno moja, wala hawamwambii kwa kumcheka: sema sasa, ungali umesimama ardhini na wenzako wamekuzunguka. Kizunguzungu husemwa chini, hakisemwi mnazini.