Ukingo wa Bluu Hadi Kaburini

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto amfunike kwanza, halafu mnisikilize mfululizo, maana nikisimama katikati sitaweza kuendelea.

Huko juu Makete, ambako Julai umande huganda ukawa mweupe kama chumvi, nao huuita sakitu, walikuwepo wanawake watatu, vibarua wa bustani ya Mama Sekela. Lusungu alijaliwa vidole. Wende alijaliwa nyayo. Atuganile alijaliwa meno. Msicheke, nitaeleza.

Mama Sekela alikuwa amefiwa na mume, na marehemu alipenda maua ya bluu, yale madogo yasiyostahimili baridi hata kidogo, sakitu ikiyagusa yanakuwa meusi kama mboga iliyoungua. Akasema siku ya kuweka msalaba, katikati ya Julai, anataka njia yote, kutoka getini hadi kaburini, iwe na ukingo wa bluu.

"Yakiwa hai yote, mmoja wenu atahamia ile nyumba ya matofali yenye mahali pa kuotea moto. Yakikatika hata hatua moja, hahamii mtu."

Nyumba ile ina chumba kimoja tu. Na wote watatu walilala kwenye mabanda ya mbao, upepo unaingia bila hodi. Lusungu alikuwa na mama yake kitandani, kifua kimembana. Wende alikuwa na mimba ya kujifungua Agosti. Atuganile alikuwa na Nsajigwa, mtoto wa miezi mitano.

Basi Lusungu. Mbegu za maua hayo ni vumbi, kama ugoro, ukipiga chafya umepoteza bustani. Wengi huzifukia, zinaoza. Yeye alizichanganya na mchanga mkavu, akazinyunyiza juu ya udongo bila kuzifukia, ndani ya madumu yaliyokatwa, akayaweka jikoni kwake penye joto, na maji akayatia kwa chini yapande yenyewe. Ikatoka miche mia nne. Asingekuwa Lusungu, pasingekuwa na cha kupanda.

Wende naye alitembea peku bustanini alfajiri tatu mfululizo, kisha akasema, "Baridi ni kama maji, inateremka. Huku chini uzio wa miti umeiziba, inajaa kama bwawa."

"Nyayo zako zimesoma chuo gani?" Atuganile akamtania.

"Cheka tu, mama Nsajigwa. Bwawa likijaa utaniita."

Akashika panga, tumbo mbele, akakata mwanya kwenye uzio baridi ipite. Jirani yao hakukata, na siku sakitu iliposhuka viazi vyake vilikufa vyote, hata vile alivyovifunika. Asingekuwa Wende, hata nyasi za kufunikia maua zisingeokoa kitu.

Sasa Atuganile. Meno yake huuma sakitu ikikaribia. Jumatatu ile jioni, wenzake wameshaondoka, anga halina wingu, upepo umekufa, meno yakaanza. Akabeba nyasi kavu, akafunika ukingo peke yake, mtoto mgongoni, anainama, anakimbia, anainama, jua linazama, na nyasi zikaisha zikiwa zimebaki hatua nne, pale pale kaburini. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na kitu isipokuwa blanketi la Nsajigwa, na lilikuwa hilo hilo moja. Akamfungua, akalitandaza juu ya maua, mtoto akambana kifuani kwa kanga, akajiambia ni usiku mmoja tu, nitamkumbatia. Asingekuwa Atuganile, pale kaburini pangekuwa peusi.

Asubuhi bonde lote lilikuwa jeupe na maua yote yalikuwa hai. Nsajigwa alikuwa anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia ndani. Wakamkimbiza zahanati. Alhamisi wakamzika.

Jumamosi msalaba ukawekwa, njia nzima bluu, watu wakasifu, wakala, wakaondoka. Mama Sekela akatoa ufunguo.

"Bila vidole vyangu mngefunika udongo," Lusungu alisema bila kumtazama Atuganile. "Na mama anakohoa damu."

"Na bila ule mwanya?" Wende akasema. "Nimebakiza wiki tatu. Mwenzetu, tumelia pamoja na wewe, lakini moto ni wa aliye na wa kumwotesha."

"Nipeni mimi," Atuganile akasema.

"Utaufanyia nini, mdogo wangu?" Wende akamuuliza.

"Sijui. Nilitoa blanketi, na aliyekuwa analilalia akaenda. Sasa nibaki bandani nisikie wa kwako analia kwenye joto nililolilipia mimi?"

Mama Sekela akasema, "Hakuna aliyekutuma umvue mtoto."

"Ulisema hata hatua moja, Mama."

Mama Sekela aliuweka ufunguo mezani, kati ya sahani ambazo hazijaoshwa. "Kabla ya saa kumi na mbili mniletee jina moja."

Nami swali nimewaletea ninyi, kwa sababu mimi nimeshindwa, kila nikimpa mmoja naona nimemnyang'anya mwingine, na meno ya Atuganile yameanza tena kuuma. Je, wewe ungeutia ufunguo mkononi mwa nani?