Ada ya Mlango wa Bi Mize

Palikuwa na Sultani wa Kitopeni, jina lake Mwinyi Fakihi, na mimi nilikuwepo. Nilikuwa mshika mwavuli wake. Hakuna amjuaye Sultani kumshinda mshika mwavuli, hata mkewe, maana mkewe hulala. Kwa hiyo ninayosema nimeyaona kwa macho yangu haya, na anayebisha aondoke mapema.

Sultani huyo alikuwa na kompyuta. Aliiweka juu ya kiti cha enzi cha babu yake, yeye mwenyewe akakaa mkekani. Siku moja ikaingia barua pepe. Akanisomea kwa sauti, kwa kuwa mimi shule niliiacha njiani, ingawa ningetaka ningefika mbali sana.

"Mpendwa Bwana au Bibi. Mimi ni Malkia Zumaradi, mjane. Marehemu mfalme ameniachia ghala la dhahabu, na moyo wangu umekuchagua wewe. Tuma ada ndogo ya kulifungulia. Fanya haraka. Usimwambie mtu."

"Maulana," nikamuuliza, "mbona hajui kama wewe ni bwana au bibi?"

"Malkia hawakodolei watu macho. Nyanyua mwavuli."

Tulikuwa ndani ya nyumba, lakini nikanyanyua. Barua ile sikumwambia mtu, ila sokoni tu.

Akatuma ada. Malkia akajibu kwa mapenzi makubwa kwamba imebaki ada ya kufuli. Akatuma. Ikabaki ya ufunguo. Kisha ya mlinzi wa ghala, maskini, anaumwa jino na hawezi kusogea langoni. Mwisho hazina ya Kitopeni ikabaki na panya tu, nao wamekonda. Ndipo Sultani akatoa amri: kila nyumba ing'oe mlango wake, iulete kasrini. Kuna mnunuzi wa ng'ambo anapenda milango ya kuchonga, atakuja Ijumaa. Pesa zake zitakuwa ada ya mwisho kabisa.

Mji ukawa wazi. Watu wakawa wanapiga hodi kwenye upepo. Mbuzi wakahamia vyumbani, wengine wakaanza kuchagua upande wa kitanda. Mwizi mmoja nilimkuta amekaa kizingitini analia, anasema siku hizi kazi yake haina ufundi tena.

Ikabaki nyumba ya Bi Mize, mjane muuza mbaazi. Mlango ule aliuchonga mumewe, Fundi Vuai, na alipokufa hakumwachia kitu kingine. Bi Mize akajifungia ndani, akatia komeo. Askari wakataka kuvunja. Sultani akawazuia: mlango wenye ufa, mnunuzi hautaki. Akaja mwenyewe, kilemba kichwani, joho begani, jambia kiunoni, na mimi nyuma na mwavuli.

"Hodi."

"Nani?" Bi Mize akauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Sultani."

"Hivyo ndivyo angesema hata muuza mkaa, kama angeutaka mlango wangu."

"Fungua uone."

"Nikifungua nione, utakuwa umeshaingia."

"We Mize, usinichoshe. Nataka mlango."

"Upi, Maulana? Huu wa mti, au ule wa dhahabu?"

Sultani akasogeza sikio.

"Upo wa dhahabu?"

"Upo huku nyuma ya huu. Marehemu kaniachia, na moyo wangu umekuchagua wewe. Ila huu wa mbele bawaba zimeshika kutu. Nahitaji ada ndogo ya mafuta. Fanya haraka, Maulana, na usimwambie mtu."

Mji mzima ulikuwa umesimama nyuma yetu. Sultani akageuka, akawaamuru wote wasimwambie mtu.

Pesa hana; akavua kilemba, kikapita kwenye kidirisha cha juu ya mlango.

"Ahsante. Bawaba zimekubali. Limebaki komeo."

Joho likapita.

"Komeo limelegea, Maulana, tupo karibu. Kuna kitasa kidogo."

Jambia likapita, na mkanda wake.

"Sasa kuna paka kalala mbele ya mlango. Bila ada haamki."

"Ada ya paka?"

"Paka wa marehemu, Maulana. Kazoeshwa vibaya."

Kanzu ikapita. Sultani wa Kitopeni akabaki na msuli tu wa kujifunga kiunoni, jua la saa sita likimpiga kifuani. Wanawake walikuwa wameuma kanga zao. Mimi nikashusha mwavuli mpaka kiunoni, panapohitaji kivuli zaidi.

"Mize, paka kaamka?"

"Kaamka. Kageukia upande wa pili."

"Umeniibia wewe. Huo mlango wa dhahabu sijauona hata msumari wake."

"Hukuuona, kweli. Nani kakwambia upo?"

"Wewe."

"Na mimi umeniona?"

"Nimekusikia."

"Basi mimi nina nafuu, Maulana. Yule malkia wa ghala hata kikohozi chake hujakisikia, na umempa hazina nzima."

Sultani akatazama nyumba za jirani. Kila moja imeachama, na kutoka ndani ya kila moja kuna mbuzi anamtazama. Aliposema tena, alisema kama mtu anayeomba maji.

"Bi Mize, nirudishie nguo zangu niende."

"Zako ni zako, Maulana, wala sina haja nazo. Nimeshazikunja. Imebaki ada moja tu ya kuzitolea."

"Ada gani tena?"

"Milango ya watu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kitu kimoja tu nimekitia mwenyewe, kwa heshima ya wakubwa: ule msuli.