Jani la Kwanza Hupigwa Macho Yamefumbwa

Hapo kale, kabla hata bibi yake bibi yangu hajazaliwa, nguo zote zilikuwa nyeupe tupu. Msicheke. Ya harusi nyeupe, ya shambani nyeupe, na doa likiingia mtu alichekwa yeye na ukoo wake. Maua yalivaliwa kichwani na shingoni. Kwenye nguo, aa, ilikuwa aibu.

Katika kijiji cha Shungi alikuwepo binti akiitwa Mashavu, aliyelelewa na bibi yake, Mwanamize. Bibi huyo ndiye aliyewafulia watu nguo za harusi, na sifa yake ilikuwa moja tu: mikononi mwake doa halikai. Lakini macho yalikuwa yakimwishia, naye akificha. Mashavu alijua. Kila siku alimwekea kata ya maji palepale alipoizoea, akanyamaza.

Ikabaki siku moja Mashavu aolewe. Bibi akaichukua nguo ya harusi mwenyewe, akasema hii hampi mtu. Akaitandaza juu ya jiwe la kufulia, akaipiga kwa gongo lake, akapiga kwelikweli. Kumbe mdodoki uliotambaa uani ulikuwa umelijaza jiwe majani na maua, naye hakuyaona.

Mashavu aliporudi kutoka kisimani akaikuta nguo kambani. Lo! Pembe moja majani ya kijani yamejichapa, mishipa na yote, na maua ya manjano katikati yake. Akakaa chini akalia, maana mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Rehani, alikwisha sema mbele za watu kwamba bi harusi mwenye doa atarudishwa kwao. Akaitumbukiza nguo kwenye maji ya majivu na chumvi, akasugua. Wapi! Kadiri alivyosugua ndivyo yale majani yalivyozidi kukaza.

"Imetakata, mjukuu wangu?" bibi akauliza kutoka barazani.

Mashavu akamtazama. Akisema kweli, bibi hatashika tena gongo maisha yake yote. Roho ikamuuma.

"Imetakata, bibi," akajibu.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Akachuma majani mengine na maua mengine, akayapanga kuizunguka nguo nzima, akayagonga moja moja mpaka alasiri ikaisha.

Kesho yake akatoka nayo mbele ya watu. Bi Rehani akaushika upindo, akaugeuza huku na huku, akaukagua weee.

"Nani kakutengenezea?"

"Bibi yangu."

"Basi mwambie na mimi anifanyie."

Vigelegele vikalipuka uwanja mzima. Pale mkekani alipokaa, bibi Mwanamize akasikia wanawake wakisifu jani hili na ua lile, akamvuta mjukuu wake karibu.

"Kumbe niliiharibu, Mashavu?"

"Uliianza, bibi. Mimi nimemalizia tu."

Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaomba kuonyeshwa kwa kidole jani lake lilipo.

Na tangu siku hiyo ndiyo mnaona nguo zetu zimejaa majani na maua. Na bi harusi akitengenezewa yake, huitwa bibi mkongwe kuliko wote, akafumba macho, akaliweka jani la kwanza popote mkono unapoangukia, akaligonga. Likikaa upande, hakuna anayelinyoosha.