Asali Iliyonywewa na Mchanga

Jamani, mtasema nawadanganya, lakini kuna gavana aliyeangushwa na sega moja la asali. Moja tu! Na kabla hamjaanza kunibishia, nimeisikia kwa mtu aliyekuwepo, nyanya yetu Ndunge.

Binamu zangu wawili walikuwa wanagombania pampu ya maji. Mmoja akasema heri iharibike kuliko mwenzake aitumie kwanza. Nyanya akawaangalia, akasema, "Ngazi ikiachiwa, asali hunywewa na mchanga."

Sisi tukajua ni maneno ya enzi za mababu. Tukamuuliza yalitoka wapi. Akacheka, ila si kicheko cha furaha.

"Mababu gani? Methali hii ni changa kuliko wewe na hiyo simu yako. Iweke chini niwaambie ilivyozaliwa."

Sisi watu wa Kwamuli ni watu wa mizinga ya nyuki. Kurina asali huendi peke yako: mmoja anapanda, mmoja anashika ngazi. Na anayepanda akishuka, kabla hajalamba hata kidole, sega la kwanza anampa aliyemshikia. Mkononi, na nta yake. Usipompa, siku nyingine tafuta ngazi inayojishika yenyewe.

Basi mwaka ule wa uchaguzi, Muthengi wa chama cha Mwiko alitaka kuwa gavana wa kaunti yetu. Kasyoka wa chama cha Kibuyu, jirani kabisa wa nyanya, naye alikitaka kiti hichohicho. Kila mtu aliona kwamba wakigombea wote wawili, wote wataanguka. Lakini Kasyoka hakuwa na tamaa ya bendera kwenye gari. Alitaka daraja. Mto wetu ukijaa, kijiji kinafungwa, na hospitali iko ng'ambo.

Wakaungana. Chama cha tatu, Kinu, kikatoa naibu wa gavana. Kasyoka akajiondoa, kwa ahadi kwamba wakishinda yeye atakuwa waziri wa barabara wa kaunti, na daraja letu litajengwa kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa sikieni walivyofanya kampeni! Kila mkutano walibeba ngazi, ngazi ya kweli ya kurinia. Kasyoka anashika chini, Muthengi anapanda anahutubia akiwa juu. Kila mara anamaliza hivi: "Nikishuka na asali, sega la kwanza ni la huyu dada!" Vigelegele mpaka kuku wanakimbia. Akashinda, tena kwa mbali.

Akalamba kwanza.

Kinu walikuwa na wawakilishi wengi kwenye bunge la kaunti. Wakamwambia, tupe na wizara ya barabara, ama miswada yako yote italala. Akaogopa, akawapa. Kwa Kasyoka akatuma ujumbe wa neno moja: "Subiri." Mama wa watu akasubiri mwaka mzima, anasikia lami inamwagwa kwa wengine.

Ila anayekutisha hashibi. Kinu wakaona, mbona tusichukue kiti chenyewe? Wakaleta hoja ya kumng'oa, ili naibu wao akikalie. Kura za kumwokoa zilikuwa za Kibuyu peke yake, na wawakilishi wa Kibuyu walimsikiliza mtu mmoja, Kasyoka. Siku moja kabla ya kura, Muthengi akaja Kwamuli mwenyewe. Nyanya alikuwa pale anachambua mboga, kwa hiyo haya si ya kuambiwa.

"Hodi, dada."

"Gavana mlangoni kwangu! Au dereva amepotea njia?"

"Nimekosa. Nimekuletea asali."

Akatoa chupa. Ya dukani, kifuniko chekundu. Kasyoka akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha.

"Haina hata nta. Nani amelamba kabla yangu?"

"Dada, acha mizaha. Daraja nimeliweka kwenye bajeti, linasomwa wiki ijayo. Kweli kabisa. Wakinitoa kesho, watalifuta."

"Mwaka jana uliniambia nini?"

Muthengi akatazama chini. "Nilikwambia usubiri."

"Basi leo nakwambia mimi. Subiri."

Alipoondoka, nyanya akasema, "Kasyoka, hasira ni yako, lakini daraja ni letu sote."

"Muache aanguke, ajue ngazi huwa inashikwa na mtu."

Kesho yake Kibuyu wakanyoosha mikono pamoja na Kinu. Muthengi akang'olewa. Na kumbe alisema kweli, daraja lilikuwemo kwenye bajeti! Gavana mpya alilifuta kabla kiti hakijapata joto, pesa zikaenda kwao.

Mvua zikaja. Mwende, mke wa mtoto wa Kasyoka, akashikwa na uchungu. Wakambeba na kitanda mpaka ukingoni. Mto ulikuwa unabeba miti mizima. Paa la hospitali waliliona palepale ng'ambo, linang'aa kwa mvua. Mtoto alizaliwa kwenye nyasi. Hakulia.

Siku ya kumzika mtoto, Muthengi akaja. Hana msafara, hana king'ora, koti kichwani. Akafikia ng'ambo tu, akasimama hapo. Angevukia wapi?

"Dada Kasyoka! Pole!" alipaza sauti.

"Pole na wewe!"

"Laiti ningekupa lile sega!"

Kasyoka akasogea mpaka ukingoni kabisa. Halafu akajibu, "Na mimi ningeshika!"

Akageukia watu wake, akasema yale maneno ya ngazi na mchanga, polepole, kama anajisomea mwenyewe. Tangu siku hiyo Kwamuli hatuyaachi.

Nyanya alimalizia hapo. Binamu yangu aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote akaivuta pampu, akaisukuma kwa mwenzake. "Anza wewe, bwana."

Ngazi ikiachiwa, asali hunywewa na mchanga.

Sasa wewe unayesoma, niambie. Umesimama chini, mikono inauma, aliye juu amekusahau, na asali yenyewe ni ya watoto wako. Ungeshika, au ungeachia?