Nyumba Isiyopigiwa Kura

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mji uitwao Kwamsuko, na mji huo ulikuwa na watu wengi kuliko vyumba. Nyumba ya vyumba sita ilikaa familia sita. Korido moja, choo kimoja, na uani mmoja ambako kila mama alikuwa na jiko lake la mkaa, na kila mama alijua mwenzake leo anapika nini, au hapiki.

Katika nyumba mojawapo alikaa Mwantumu, mjane, mkaanga vitumbua. Alikuwa mtu wa kuswali na kujilaumu. Akimjibu mtu vibaya asubuhi, adhuhuri haijafika ameshamfuata kumwomba radhi. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Na ndani ya chumba hicho alilala binti yake, Hidaya, mgonjwa wa kifua. Daktari alikuwa amesema, "Mama, dawa nampa, lakini huyu anataka hewa. Mtafutie chumba chenye dirisha." Mwantumu akauzunguka mji mzima akitafuta dirisha. Vyumba vyenye madirisha vilikuwa na wenyewe.

Kwenye korido ya nyumba hiyohiyo alilala Bi Kibibi, kizee asiye na mtu wala miguu ya kumbeba. Wapangaji walimwachia nafasi ya mkeka mmoja karibu na mlango. Chumba cha mbele alikaa Shamte, msukuma mkokoteni, na mkewe na watoto waliolala kichwa na miguu kama dagaa kwenye sinia. Chumba cha nyuma alikaa dada yake Shamte, Salhina, aliyeachwa na mumewe akiwa na watoto mikononi.

Siku moja akapita Meya na kipaza sauti. Serikali kuu, alisema, ina ruzuku ya kujengea nyumba za bei nafuu. Miji mingi imeomba, mji mmoja tu ndio utakaopata. Mkaguzi anakuja kujionea kwa macho yake watu wa hali ya chini wanavyoishi, na nyumba atakayoingia ni ile ya akina Mwantumu.

Watu wakafurahi. Kisha wakaona haya.

"Mgeni wa serikali!" akasema Mwantumu. "Aje akute ndoo zimepangana mlangoni na mikojo ya watoto kwenye magodoro? Jamani, tumekosa nyumba, tumekosa na sitara?"

"Hapana!" wakajibu wanawake wa uani.

Basi wakapaka chokaa. Wakafua mapazia. Wakaazima kochi kwa mwenye duka, likaja juu ya mkokoteni wa Shamte, wakaliweka koridoni, palepale alipolala Bi Kibibi. Magodoro na mikeka wakavisokomeza juu ya boriti. Watoto wote wakapelekwa mtaa wa pili, wakaambiwa atakayerudi kabla ya kuitwa atakiona. Bi Kibibi akabebwa, akaingizwa chumbani kwa Mwantumu pamoja na Hidaya, na pazia likashushwa.

"Mama zangu," akasema Mwantumu, "msikohoe. Hidaya, ukizidiwa, uma khanga."

Mkaguzi akaja. Jina lake Bwana Lukindo, mtu mpole mwenye suti. Akapiga hodi, akakaribishwa. Akakalishwa kwenye kochi, akaletewa maji ya kunawa, akaletewa biriani. Alipoegemea ukuta, chokaa mbichi ikamganda mgongo mzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Alipomaliza kula akashukuru, akamgeukia Meya.

"Mheshimiwa, nimezunguka miji mingi. Sijaona watu wanaoishi kwa nafasi na usafi kama hawa. Nawapongeza. Ila ruzuku, kwa haki ya Mungu, nitaipeleka kwa wenye shida."

Wanawake wakatazama chini. Mwantumu aliona dirisha la mwanawe linafungwa, na anayelifunga ni yeye mwenyewe.

Hapo ikasikika sauti nyuma ya pazia.

"Hodi huko nje!"

Mkaguzi akashtuka. "Nani huyo?"

"Ni... redio," akasema Mwantumu. Mungu amsamehe.

"Redio gani hiyo yenye njaa?" ikasema sauti. "Biriani limepita hapa, nimeambulia harufu tu!"

Pazia likatikisika, akatoka Bi Kibibi anatambaa kwa viwiko, khanga imemvuka, mvi nje. Mtu ambaye maisha yake yote hajaonwa kichwa wazi na mwanamume asiye wake. Akatambaa mpaka miguuni pa mgeni.

"Shikamoo, bibi," akasema mkaguzi, na kusimama akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Samahani kwa kukuondoa, maana hapo ulipokaa ndipo kitandani kwangu. Na si kochi. Mkeka. Tazama juu ya boriti utauona."

Mkaguzi akatazama juu. Akamtazama Mwantumu.

"Mama, mwenyeji wangu ni wewe. Huyu bibi anasema kweli, au ni mambo ya uzee?"

Wote wakageuka. Mlango ulikuwa umefunguliwa hapo, mlango wa kutokea. Mwantumu angesema neno moja tu, *uzee*, na heshima ya mtaa mzima ingesalimika. Jirani mmoja akamkonyeza: sema. Mwingine akamfinya: sema.

Mwantumu akapiga magoti.

"Anasema kweli. Mwongo ni mimi. Kochi la kuazima, mapazia ya kuazima, watoto tumewaficha. Niliwaambia wenzangu tunalinda sitara. Sitara ilikuwa jina tu, baba. Ilikuwa kiburi changu, kisha nikawavuta na wenzangu humo." Akainuka, akalifungua pazia lote. "Huyu ni Hidaya. Ingia umtazame anavyopumua."

Mkaguzi akaingia. Hakukaa sana humo ndani, hakuna akaaye sana humo ndani. Alipotoka alikuwa amevua koti, na ndipo alipoiona chokaa, akaipangusa kidogo, akaacha.

"Shida nimeiona," akasema. "Sasa nionyesheni kiwanja. Serikali inatoa ya kujengea. Kiwanja mnatoa nyie, na kiwe hakina ugomvi."

Meya akajikuna. "Kiwanja... tunacho. Ila kiko mahakamani. Koo mbili zinakigombea."

"Hicho sicho. Mna kingine?"

Mwantumu akafumba macho, anaomba.

"Kipo," akasema Shamte, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkokoteni wake. "Shamba aliloniachia marehemu baba, pale nyuma ya kisima. Zuri, tambarare. Nilikuwa nangoja nikipata nijenge. Sitapata leo wala kesho. Naupa mji."

"Halina mgogoro?" akauliza mkaguzi.

"Halina."

Salhina alikuwa pembeni, ametoka shambani huko huko, udongo haujamkauka miguuni. Akamtazama kaka yake. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaingia chumbani kwake.

Kwamsuko ikapata ruzuku. Mafundi wakaja. Salhina akang'oa mihogo yake kabla haijakomaa, akawapikia mafundi walewale waliokuwa wanachimba msingi juu ya matuta yake. Nyumba zikapanda, ndogo, safi, kila moja na madirisha mbele na nyuma. Na kwa kuwa waombaji walikuwa wengi kuliko nyumba, zikapigiwa kura mbele ya watu. Wenye bahati wakapiga vigelegele. Nyumba ya akina Mwantumu, kura ikawapita wote.

Ndipo Meya akainua ufunguo mmoja.

"Nyumba hii hatukuipigia kura. Baraza limeiweka kwa ajili ya mtu mmoja, yule aliyetuletea ruzuku. Ajitokeze."

Wakajitokeza zaidi ya mmoja.

"Ni mimi," akasema Shamte. "Tusifichane. Bila kiwanja mkaguzi angepanda gari lake na ruzuku yake. Nimetoa urithi wangu wote. Watoto wangu wakiniuliza baba ametuachia nini, nitawaonyesha nyumba za watu."

"Urithi wako, kaka?" akasema Salhina. Hakupaza sauti. "Baba alituacha wawili. Fungu langu la sheria limo mle ndani, na jembe la mle ndani nimelishika peke yangu. Wewe ulitoa, hukuniuliza. Mgeni alipouliza kama shamba lina mgogoro, ningesema 'lina', yangekwisha hapo hapo. Nikakusitiri. Kile kiwanja kilikuwa safi kwa sababu mimi nilinyamaza. Leo watoto wangu hawana muhogo wala nyumba."

Shamte akainama. "Dada, nilidhani..."

"Najua ulivyodhani. Wala sina kinyongo, kaka yangu. Lakini nimeulizwa, nami nasema."

Bi Kibibi, aliyeletwa juu ya mkokoteni na kukalishwa kama malkia, akapiga makofi.

"Na mimi naitaka! Msifikiri mzee ameshiba dunia. Mwenzenu nimeuanika utu uzima wangu mbele ya mwanamume mgeni, kichwa wazi, natambaa kama mtoto, ili macho yake yafunguke. Mlikuwa mmekwisha, nyote mmenyamaza kama mmemwagiwa maji. Nani alisema wa kwanza? Tena nipeni mimi, nitakufa karibuni, mtaigawa mara ya pili!"

Watu wakacheka, na wengine wakafuta machozi katika kicheko hichohicho.

"Na Mwantumu je?" ikauliza sauti katikati ya watu. "Neno la bibi lingeitwa uzee. Aliyelifanya kweli ni Mwantumu."

"Na aliyepaka chokaa ni nani?" ikajibu sauti nyingine. "Si yeye alituponza wote?"

"Alituponza, akatuponya!"

"Anayekuponza kisha akakuponya, unamlipa nini?"

Wakamtazama Mwantumu. Alikuwa amesimama nyuma, Hidaya amemwegemea bega.

"Mimi msinihesabu," akasema. "Mnasema nilikiri kwa ajili ya mji. Mungu ananiona. Nilipopiga magoti sikuufikiria mji hata kidogo. Nilimfikiria huyu."

"Basi ndiyo sababu uhesabiwe," akasema Bi Kibibi. "Ungefikiria mji, ungetafuta maneno mazuri."

Wakazozana mpaka Meya akachoka mkono, maana ufunguo alikuwa bado ameuinua. Mwishowe Bi Kibibi akasema, "Meya, sisi tukichagua tutavunjana. Mpe ufunguo Mwantumu, akaamue yeye. Katika sisi wote, huyu ndiye anayeogopa dhuluma kuliko njaa."

Shamte akasema, "Nakubali." Salhina akasema, "Nakubali."

Ufunguo ukatiwa mkononi mwa Mwantumu. Akasema bismillahi. Mbele yake kizee aliyetoa sitara yake. Kulia, mtu aliyetoa urithi wake, na kidogo usio wake. Kushoto, mwanamke aliyetoa ukimya wake. Na begani, mwanawe, anavuta pumzi fupi fupi. Akimpa mwanawe, atajilaumu kuwa amejipendelea katika haki za watu. Akimpa mwingine, atarudi jioni ile na Hidaya kwenye chumba kile, ashushe pazia.

Sasa nyie mliokaa kunisikiliza, na kila mmoja wenu ana mlango wake wa kurudi: nani aliileta ruzuku Kwamsuko? Na mngekuwa Mwantumu, ufunguo ule mngeuweka katika kiganja cha nani?