Shaba ya Pili

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango miwili na komeo kama zetu, Bi Nguchiro alikuwa akikandika ukuta wa jikoni, udongo umemfika viwikoni, aliposikia mlango ukigongwa. Ngo, ngo, ngo.

Hakukaribisha mtu. Alichungulia kwenye tundu la ufunguo, akamwona Fisi amevaa koti jeupe la judo, limembana mabega mpaka mshono wa kwapa umefumuka.

"Shemeji," akaita Fisi, ambaye hakuwa na undugu wowote na nyumba ile, "nimekuja na habari njema."

Akaeleza kwamba ametoka kwenye mashindano ya judo ya kimataifa, ng'ambo ya mlima, walikokusanyika wanyama wa nchi kumi na mbili. Siwatu, binti mkubwa wa Bi Nguchiro, ameshinda medali ya shaba kwenye uzito mdogo. Ila medali haivalishwi mpaka ndugu zake wote wapimwe kwenye mizani, na yeye ndiye aliyetumwa kuwachukua.

"Wachezaji hupimwa kabla ya kupigana," alisema Bi Nguchiro. "Anayepimwa siku ya sherehe ni mbuzi."

Fisi alicheka, heh-heh-heh, akasema hiyo ni kanuni mpya. Akahimiza watoke haraka, tena watoto wasile kitu, watakula huko huko.

Wale wadogo sita walikuwa wameshaanza kutafuta viatu. Bi Nguchiro akachungulia tena. Koti lile halikuwa la Siwatu, maana la Siwatu lisingemfika Fisi hata sikio moja. Hilo lilimtuliza, lakini kidogo tu.

"Na shaba ya pili kachukua nani, shemeji?" akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Shaba ya pili? Dhahabu moja, fedha moja, shaba moja. Hata kuku anaijua hesabu hiyo."

Kwenye judo shaba hutolewa mbili, kila uzito, kila mwaka. Siwatu alikuwa amemsimulia hadi akamchosha. Fisi huyu hakufika ukumbini, wala hakuwajua waliofika. Alijua tu kwamba dada mtu hayupo na wadogo wapo.

Akawaonyesha watoto kwa kidole: ukutani, kimya. Kisha akafungua mlango wa uani, unaotazamana na ule wa mbele. Nje ya mlango huo ardhi huteremka ghafla mpaka kwenye korongo la michongoma. Akarudi mbele, akalainisha sauti.

"Mlango umevimba kwa mvua, shemeji. Sukuma kwa bega, kwa nguvu zako zote. Mimi nitavuta huku ndani."

Fisi alirudi nyuma hatua kumi. Gidi, gidi, gidi, akaja. Bi Nguchiro akafyatua komeo, akavuta mlango, akajibanza pembeni. Siwatu alikuwa akiwafundisha wadogo zake hivyo hivyo: anayekusukuma usishindane naye, mvute.

Fisi alipita sebuleni bila kumgusa mtu, akatokea uani, akapotelea korongoni. Puu! Halafu ikasikika miiba ikipasua koti, na sauti ikimwomba Bi Nguchiro kamba.

"Ippon," alisema kitinda mimba. Ndivyo waamuzi wasemavyo mtu akibwagwa chali na mchezo ukaisha.

Bi Nguchiro alifunga milango yote miwili, akarudi kwenye ukuta kabla udongo haujakauka. Lakini kila jani lililotikisika njiani alilitazama.

Jua lilipoinama, Siwatu aliingia akichechemea. Mama yake alimpapasa mbavu kwanza, mkono huu na huu, ndipo akatazama shingoni. Medali ilikuwa ya fedha. Kicheche ndiye aliyembwaga kwenye fainali.

Wadogo zake walimsimulia yaliyotokea, wote kwa pamoja.

"Fedha," alisema Bi Nguchiro. "Na yeye akanipa shaba. Mwongo yule hata sifa za bure anapunja."

Akapakua ugali na mchuzi wa senene. Akawahesabu kwa mwiko, mmoja mmoja, mpaka saba, akarudia tena kuanzia mwisho. Walikuwa saba. Ndipo na yeye akakaa.

Habari njema inayowaharakisha kutoka nyumbani, wanangu, iulizeni maswali kabla ya kuvaa viatu.