Ng'ombe wa Shukrani

Soma hadi mwisho kabla hujanijibu. Kisha mtumie yule ndugu yako anayejua nani ataingia peponi na nani hataingia, utadhani yeye ndiye bawabu.

Kuna kijiji huko Upareni ambako Wakristo na Waislamu wamepakana ua kwa ua. Desturi yao ni moja: iwe ubatizo au maulidi, mnyama huchinjwa na Mwislamu ili watu wote wale. Wakristo wanakula, Waislamu wanakula, shughuli inakwisha salama.

Bibi Nakundwa, mama wa kanisa hasa, aliugua nusura afe, akapona. Mwanawe Elirehema akaja kutoka mjini na ng'ombe wa shukrani. Jirani yao, Mzee Hatibu, akafika asubuhi na kisu chake kama kawaida.

"Rudi nacho, mzee," Elirehema akamwambia mbele za watu. "Ng'ombe wa Bwana hachinjwi na wasiomjua Bwana."

Jamani! Mzee wa umri wa baba yake! Hata shikamoo hakumpa. Na mchungaji alikuwepo, akajifanya anafuta miwani.

Mzee Hatibu alisema tu, "Haya, mwanangu," akaondoka. Waislamu wengine wakamfuata kimya kimya. Elirehema akachinja mwenyewe, akauita ushindi. Ushindi! Unamshindaje mtu ambaye umekulia uani kwake?

Mchana Bibi Nakundwa akatolewa nje, amevaa kitenge kipya. Akawekewa maini, maana shughuli ni yake. Akatazama viti vilivyobaki wazi.

"Hatibu yuko wapi? Na Mwajabu mkewe?"

"Hawali nyama hii, mama. Nimechinja mimi, kwa jina la Yesu."

Bibi akaisukuma sahani. "Basi na mimi sili."

"Mama! Umesilimu?"

"Nyamaza! Nilibatizwa kabla baba yako hajaniposa, na nitazikwa na msalaba wangu. Wewe ulikuwa wapi nilipokuwa siwezi hata kunyanyua kijiko?"

Bibi akamnyooshea kidole.

"Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mwajabu amefunga, midomo imemkauka, anapuliza moto mchana anipikie uji. Hawezi kuuonja, siku nyingine unakuja hauna chumvi kabisa. Akishaniinua, anashika bakuli, ananiambia, 'Sali kwanza, dada. Nakusubiri.' Mimi namwita Yesu, yeye kanishikia bakuli. Hakunikatiza hata siku moja. Huyo ndiye unayesema hamjui Mungu? Kweli fadhila ya punda ni mateke!"

Akaomba fimbo yake, akavuka ua kwenda kwa Hatibu. Wageni wakanyanyuka mmoja mmoja wakamfuata, mchungaji akiwa wa kwanza. Sasa ndipo miwani yake ilipoanza kuona.

Elirehema akabaki na masufuria ya nyama na nzi wake. Aibu ilipomzidi, na njaa pia, akavuka ua. Akawakuta watu wamejaa mkekani, wanapakuliwa ugali na maharage.

"Shikamoo, baba," akasema mlangoni. "Nimekukosea."

"Marahaba." Mzee Hatibu akajisogeza, akamwachia nafasi. "Kaa, mwanangu. Chakula kitapoa."

Bi Mwajabu akamletea sahani. Mkono wa mtetezi wa Bwana ukaenda moja kwa moja kwenye ugali.

"Sali kwanza, mwanangu," Bi Mwajabu akamwambia. "Tunakusubiri."

Funzo: Kuheshimu dini ya jirani yako si kuiacha yako. Ukimfukuza jirani ili umshukuru Mungu, jiulize ni nani hasa unayemshukuru.